Nyundo ya Pili

Vijana wangu wa nyundo, juzi mlinijia na swali la karani wa boma. Mnataka chama chenu cha wafua chuma kiandikishwe, naye amewauliza kilianza lini, kilianzishwa na nani, na maana yake ni nini. Mkatazamana. Kisha mkakumbuka kwamba yupo mzee mmoja huku Igamba, Simoni, aliyeacha kazi msimu huu kwa sababu ya bega, na sasa hana la kufanya ila kufukuza kuku. Haya, kuku nimewaacha. Nitawajibu kwa njia yangu, na kazi ya kumfupishia karani itakuwa yenu, maana mimi kufupisha sikujaliwa.

Nilichopata katika kazi hii sitakieleza. Nilikula, watoto walisoma shule ya misheni, na paa langu halivuji. Tuanze nilipoanza.

Nilikuwa nimetoka tu kupata kipaimara baba aliponipeleka kwa Mzee Haonga, mkuu wa wafua chuma wa upande wetu wote wa Mbozi. Alikuwa mfupi, mwenye mabega mapana, na mtu akisema alimgeuzia sikio la kulia, kana kwamba mtu naye ni chuma cha kupimwa kwa sauti. Hakuniuliza jina. Alinipa kikapu, akanionyesha kichuguu kwa kidevu, akarudi kwenye kazi yake. Nikabeba udongo wa kichuguu mpaka shingo ikakataa kugeuka. Mimi nilidhani nimekwenda kujifunza kufua mikuki.

Siku zile bado tuliyeyusha chuma wenyewe, kutoka mawe mekundu ya mlimani, katika ilungu, yaani tanuru la udongo refu kupita mtu. Ninyi mmekuta magofu yake tu, na wengine mnafungia mbuzi. Ule udongo nilioubeba ulikuwa wa kuta zake. Kulikuwa na wachoma makaa, wachimba mawe, wafinyanzi wa tanuru, na wapiga mivukuto ambao walipokezana mchana kutwa, anayechoka akinyanyuka na mwingine kukaa bila moto kujua kwamba watu wamebadilishana. Mtu mmoja, hata awe na nguvu za fahali, hayeyushi chuma. Chama kilitoka hapo. Hakuna aliyeitisha mkutano wa kukianzisha. Tanuru lilikataa mtu mmoja, basi watu wakawa wengi, na walipokuwa wengi wakahitaji sheria.

Sheria zilikuwepo za kila namna. Wenye ugomvi walisuluhishwa kabla moto haujawashwa. Mhunzi akiugua, wenzake walimlimia. Mjane wa mhunzi hakununua jembe. Wakati wa kuyeyusha tulilala kambini mbali na wake, jambo ambalo wazee walilieleza kwa habari za mizimu na kibuyu cha dawa. Mimi nadhani walitaka tu watu walale.

Lakini iko moja ninayotaka muishike, maana yote nitakayoeleza yanatoka humo. Tuliiita nyundo ya pili. Jembe, shoka wala mkuki havikutoka bandani mpaka mhunzi mwingine aje na nyundo yake mwenyewe, akilaze chombo juu ya fuawe, akigonge ubavuni na kusikiliza. Chuma chetu cha mawe kikiwa na ufa au takataka ndani, hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Kikiwa kizima, kinalia. Kikilia, yule wa pili alipiga alama yake kwenye shavu la pili la chombo, mkabala na alama ya aliyekifua, na tangu hapo chombo kilikuwa na wenyewe wawili. Kikimuumiza mtu kwa ubovu wa chuma, hao wawili hukaa waamue nani kati yao atarudisha nyundo. Wasipopatana, zinarudi zote mbili. Kurudisha ni kuizika chini ya tanuru la kale, na hakuna mhunzi anayeruhusiwa kuifukua. Aliyezika nyundo hafui tena.

Nilimwuliza Mzee Haonga kama aliwahi kuona nyundo ikizikwa. Akasema aliwahi, zamani. "Ndiyo maana watu wameanza kuisahau sheria," akaongeza, "na watu wakisahau hivyo, siku ya kuzika nyundo huwa inarudi."

Baadaye majembe ya dukani yakaenea, na tanuru zikazimika moja baada ya nyingine. Hatukulia sana. Nani anayetamani kubeba udongo? Tukabaki na banda, mivukuto na fuawe, tukifua mabaki ya chuma cha zamani. Ndipo malori yakazidi katika barabara ya Tunduma, na shemeji yangu Yoramu akapata wazo.

Yoramu alikuwa amemwoa dada yangu Rahabu. Alikuwa mhunzi mwepesi wa mkono kuliko sisi wote, na alijua hivyo. Alikwenda Tunduma akakuta Mnamwanga mmoja anauza springi za malori yaliyokufa. "Chukua, mukwai," yule mtu alimwambia kwa heshima ya kwao, "hii imebeba mizigo mpaka imechoka, sasa ikubebe wewe." Yoramu akarudi na springi begani, akazikata, akafua mashoka. Shoka letu mnalijua: halina tundu, mkia wake mwembamba hupenyezwa kwenye kifundo cha mpini ukiwa wa moto. Haya ya Yoramu yalikuwa na makali yasiyojua kuisha. Wakati huo watu walikuwa wakifyeka mapori wapande kahawa, kwa hiyo kuanzia Igamba hadi Isansa kila mtu alitaka shoka la springi.

Sasa sikilizeni kosa letu. Chuma cha mawe ukikitosa majini kikiwa chekundu, kinapoa, basi. Maji hayakibadilishi. Springi ukiitosa hivyo inakuwa ngumu lakini inakatika kama kigae. Hatukujua. Tena kibaya zaidi, springi ya namna hiyo ukiigonga hulia vizuri kuliko chuma chochote tulichowahi kugonga. Nilikuwepo Mzee Haonga alipolipima shoka moja la Yoramu. Aligonga, akageuza sikio, akagonga tena, akacheka peke yake. "Sijawahi kusikia kitu kama hiki," alisema. Akaweka alama yake, mistari miwili iliyokatana, mkabala na vitone vitatu vya Yoramu.

Shoka lile lilinunuliwa na kijana wa Isansa aitwaye Lazaro. Alikuwa akikata kisiki shambani pake, pembe ya makali ikakatika na kuruka. Jicho la kushoto likaenda.

Kaka yake ndiye aliyekuja. Tulikuwa bandani, mimi na Yoramu, akaingia bila kubisha hodi, akafungua kitambaa, akaweka lile shoka lililomeguka juu ya fuawe.

"Vitone hivi ni vya nani?"

"Vyangu," Yoramu akasema.

"Na hii mistari?"

Yoramu alinitazama mimi. Yule mtu alijua jibu, maana hakuna aliyeijua mikuki ya Mbozi asijue mistari ile.

"Nimekuja kwenu kwanza," alisema taratibu, "kwa sababu baba yetu alilima maisha yake yote na jembe la Haonga. Nawapa Jumapili ipite. Ikipita bila neno la kueleweka, nakwenda kwa mwene, chifu wetu, na mwene atanipeleka boma."

Akatoka, shoka akaliacha juu ya fuawe. Bwana Shauri, mzungu wa boma, alikuwa amekwisha kusema kwenye baraza kwamba vyama vyenye vibuyu vya dawa kwake ni uchawi, na akipata sababu atavifunga. Jicho la mtu lingekuwa sababu ya kutosha. Wahunzi wote tungenyang'anywa nyundo, na wale wenye nywele nyeupe wangekwenda kulala korokoroni.

Lakini nisiwadanganye kwamba nilikifikiria chama. Nilimfikiria Rahabu. Alinikuta kisimani, mtoto mgongoni, akaongea huku akitazama maji.

"Simoni, wakimnyima nyundo ataondoka. Ameshasema. Atavuka Tunduma aende migodini."

"Atarudi."

"Mume wa shangazi naye alisema atarudi na blanketi. Shangazi amezeeka, kaka. Blanketi tumenunua wenyewe."

Nikamtwika mtungi.

Chama kilikutana Jumamosi asubuhi penye tanuru la kale. Mtu wa pili kwa ukubwa baada ya Mzee Haonga alikuwa Mzee Nzowa, mwenye akili ya kuona mbali na ulimi wa kufika kabla ya wengine. Alikuwa amewasha moto mdogo wa makaa na kuweka fuawe karibu. Shoka la Lazaro alikuwa amelitia motoni. Mimi nilipewa mivukuto, nikapiga bila kuelewa.

"Mambo ni mepesi," Nzowa alianza. "Alama ya mkuu ikionekana boma, chama chote kimeonekana. Shavu hili likigongwa likiwa chekundu, mistari inafutika. Inabaki kazi ya mtu mmoja, aliyeuza kwa siri bila nyundo ya pili. Boma litamshika yeye. Sisi tutasema tumemfukuza."

Watu walitazama chini. Nikamtazama Yoramu. Alikuwa amekaa juu ya jiwe, nyundo yake magotini.

"Nimekubali," alisema. Sauti yake ilitoka kavu, nikajua akina Nzowa walikuwa wamemwendea usiku wa kuamkia siku ile.

Mzee Haonga alikuwa ameegemea ukuta wa tanuru, sikio la kulia likielekea kwetu. Nzowa akanipa koleo.

"Simoni, litoe."

Sikulitoa. Msinidhanie ushujaa; mikono ilikataa kabla kichwa hakijaamua. Nzowa akarudia, kwa ukali. Nikabaki nimesimama na koleo, nikiona shoka linapita wekundu na kuingia weupe. Mnajua maana yake. Chuma cha namna ile kikikaa motoni kinaanza kuungua, na kikiungua alama zote zinaondoka, za huyu na za yule, na Lazaro hana tena cha kumwonyesha mtu. Cheche za kwanza zikaruka. Nzowa aliziona, akanyamaza, na nikaelewa kwamba hilo nalo lilimfaa.

Mzee Haonga akanipokonya koleo. Alilitoa shoka, wala hakuliweka juu ya fuawe wala majini. Alilifukia kwenye majivu pembeni, akakaa chini kando yake. Tulikaa wote. Jua lilipanda. Lilipokuwa limepoa alilifukua, akalipangusa kwa kiganja, akalinyanyua. Vitone vitatu vilikuwepo, na mistari ilikuwepo.

"Mkifuta hii," alisema, "kesho nani kati yenu ataweka alama yake kwenye kazi ya mwenzake? Mimi nisingeweka."

Akamgeukia Yoramu.

"Sheria inasema wenye alama ndio wanaoamua. Yoramu, sema."

"Mimi ndiye niliyefua, tata, baba yangu."

"Wewe ulipata kitu usichokijua, ukaja kwangu kuuliza. Mimi nami sikukijua, nikakujibu. Kililia vizuri, nikafurahi, nikaacha kusikiliza. Nani amekosa zaidi?"

"Tata, mimi ni kijana, naweza kwenda..."

"Ukibisha tumeshindwa kupatana, na zinazikwa zote mbili. Unabisha?"

Yoramu akatikisa kichwa. Machozi yalimshuka mbele ya wahunzi wote na hakuyafuta. Mzee Haonga akachukua jembe, akachimba mwenyewe chini ya tanuru, akaweka nyundo yake humo. Nyundo ile aliirithi kwa babu yake. Alisawazisha udongo kwa mguu kama mtu aliyepanda mbegu ya boga, akasema twende Isansa.

Huko alisimama mbele ya Lazaro, ambaye bado alikuwa amefungwa kitambaa usoni, akamweleza yote bila kujipunguzia. Chama kingemlimia msimu mzima. Kaka yake alitaka kujua nyundo iko wapi. Alipoambiwa, akasema kwa mwene hatakwenda. Hakutukaribisha chakula, na hatukustahili.

Jumatatu nilikwenda kwenye banda la Yoramu. Nilimkuta Mzee Haonga ameketi kwenye mivukuto, mahali pa mwanafunzi wa siku ya kwanza, anapuliza moto. Niliona aibu nikataka kumpokea.

"Sheria inanikataza nyundo," alisema. "Pumzi haijanikataza. Leteni lile shoka."

Yoramu alilibana lile shoka lililopoa kwenye majivu, akaligonga kwa nguvu. Halikukatika. Lilipinda. Tukatazamana. Hapo ndipo elimu yenu yote ya springi ilipoanzia, ninyi mnaodhani imetoka dukani. Springi ikipoa taratibu inakuwa laini mno, ikipoa ghafla inakuwa kigae, basi kazi ni kutafuta katikati. Tulivunja vipande msimu mzima. Tulijaribu maji ya moto, tope, mafuta ya nyonyo. Mwishowe Yoramu alileta oili chafu kutoka Tunduma, na hiyo ikakubali: uitose humo, uing'arishe, kisha uirudishe kwenye joto dogo mpaka uso wake uwe na rangi ya nyasi kavu. Ikifika rangi ya buluu umechelewa. Lori lilituletea ugonjwa, lori likatuletea dawa.

Sheria nayo ikaongezwa kipande, mbele ya tanuru, na Nzowa mwenyewe akiwa wa kwanza kuitikia, kwa sababu hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu aliyeogopa upande mmoja tu, ule wa boma. Katika kila springi, kipande cha kwanza kifuliwe na kuvunjwa. Sikio pekee halitoshi tena.

Mzee Haonga hakugusa nyundo. Alikonda. Kazi ya mivukuto si ya umri ule, na kila chombo kilichokamilika tulimwona akigeuza sikio kabla hajajikumbusha na kutazama pembeni. Sikuweza kumzoea hivyo. Watu wengine wa nyundo ya pili walikuja, mimi nikiwemo, tukagonga na kuweka alama zetu, na moyoni nilijisikia kama mgeni aliyekalia kiti cha mwenye nyumba.

Kahawa ilipokuwa imechumwa, Lazaro alikuja. Tulikuwa bandani na Mzee Nzowa pia. Jicho la kushoto lilikuwa limefumba moja kwa moja. Mkononi alikuwa na kitu kimefungwa kwa jani la mgomba, na magoti yake yalikuwa na udongo. Alisalimia wakubwa mmoja mmoja, kisha akafungua jani mbele ya mivukuto.

Ilikuwa ile nyundo.

Nzowa alisimama kwa ghafla. "Nani amekupa ruhusa? Ile imezikwa. Hakuna mhunzi anayeruhusiwa kuifukua."

"Ndivyo nilivyoambiwa, tata," Lazaro akajibu. "Nimeuliza kwa watu wengi ili nisikosee. Hakuna mhunzi. Mimi ni mkulima wa kahawa."

Nzowa akakaa tena. Mzee Haonga hakuinua mkono.

"Unataka nini, mwanangu?"

"Shoka. Visiki bado vipo."

"Yoramu atakufulia. Simoni atakuwa nyundo ya pili. Ni hodari wote."

"Nataka nyundo ya pili iwe yako."

"Mimi nilikupotezea jicho."

"Ndiyo," Lazaro alisema. "Nimebakiwa na moja. Hawa wengine wanagonga vizuri, nimewaona sokoni Vwawa, wanagonga na kuendelea kupiga soga. Namtaka anayeogopa."

Moto ulikuwa unapoa kwa sababu hakuna aliyepuliza. Yoramu akazunguka, akamwinua mzee kwa mkono kutoka kwenye mivukuto, akakaa yeye. Shoka lililokuwa limekamilika siku ile lilikuwa juu ya fuawe. Mzee Haonga alichukua nyundo, akapangusa udongo kwa kanzu yake, na kabla ya kugonga akauliza kipande cha kwanza cha springi ile kilivunjikaje. Nikakileta. Akatazama mkato wake kwenye mwanga wa mlango, akaupitishia kidole, akautazama tena. Ndipo akagonga. Alisikiliza mpaka sauti ilipokwisha kabisa, na hata ilipokwisha aliendelea kusikiliza.

Yoramu hakuvuka Tunduma ila kwenda kununua springi, na Rahabu amezeeka na mume wake ndani. Mzee Haonga aligonga hadi mwisho wake, na kabla hajafa alinipa mimi nyundo ile, nami nimekuwa nyundo ya pili ya upande huu mpaka bega hili liliponiangusha.

Basi mwambieni karani kwamba siku ya kuanza hatuijui. Kilianza tanuru lilipomkataa mtu mmoja. Na akiuliza maana yake, mpeni shoka lolote mlilofua, aligeuze mashavu yote mawili. Mimi nimebaki na nyundo hapa, imeliwa kidogo na kutu mahali ilipolala. Inatakiwa bandani, si kwa mzee anayefukuza kuku. Mmoja wenu aje kuichukua. Msimtume aliye hodari kuliko wote. Mtumeni anayeogopa.